Deni la matunzo ya watoto halilali ukiwa jela

SWALI: Ndugu mshauri, nilikuja Marekani kama mkimbizi kutoka Kongo na nina grinikadi. Miezi 4 iliyopita nilitoka jela ya jimbo hapa Texas, baada ya kutumikia miezi 24 kwa kosa la wizi. Nina watoto 2. Mahakama ilikuwa imeniamuru nitoe dola 430 kwa mwezi za matunzo yao. Sasa naambiwa nadaiwa dola 12,040 kabla ya riba, eti hata miezi ya jela imehesabiwa. Mama yao amesema sitawaona mpaka nimalize deni. Jamaa wananishauri nitafute kazi ya kulipwa mkononi ili nisikatwe, na kuna mzee katika jumuiya yetu anayefuta rekodi ya jela kwa dola 800. Nianzie wapi? — Baba wa wawili, Houston

JIBU: Ndugu yangu, hesabu yao ni sahihi. 430 mara miezi 28 ni 12,040: miezi 24 ya ndani na hii 4 ya nje. Amri ya matunzo haina habari kwamba umefungwa. Inaendelea kuhesabu mpaka jaji aibadilishe, na jaji hagusi kitu mpaka mtu aombe. Tangu 2016 kanuni ya serikali ya shirikisho inakataza majimbo kumchukulia mfungwa kama mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na hapo Texas kifungo kinachozidi siku 180 ni sababu tosha ya kuomba kiwango kibadilishwe. Lakini ombi hilo ulipaswa kulituma ukiwa bado ndani. Akina baba wengi hawaambiwi, na wanaolipa gharama ni wao na watoto wao.

Deni lililokwisha kuingia vitabuni jaji hawezi kulipunguza, hata akikuonea huruma. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 imemfunga mikono. Maji yakimwagika hayazoleki. Anayeweza kusamehe ni mama watoto mwenyewe, tena kwa ile sehemu inayodaiwa na yeye tu. Kama alipokea msaada wa fedha wa serikali wakati haupo, sehemu hiyo ni mali ya jimbo. Kinachoweza kubadilika ni cha mbele, kuanzia siku mama yao atakapokabidhiwa rasmi nakala ya ombi lako. Kwa hiyo kila wiki unayongoja inakugharimu karibu dola 100, na juu yake Texas inatoza riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni lako hiyo ni kama dola 60 kila mwezi.

Nenda wiki hii kwenye Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, kitengo cha matunzo ya watoto, uombe amri ipitiwe upya. Chukua namba ya kesi, karatasi ya kuachiliwa na ushahidi wowote wa kutafuta kazi. Ujue mapema watakavyokupima. Kwa watoto 2, kiwango cha kawaida cha Texas ni asilimia 25 ya kipato kinachobaki baada ya kodi. Ukisema huna kipato kabisa, mahakama haikuandikii sifuri. Inakuhesabia kana kwamba unafanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kima cha chini, yaani dola 7.25 kwa saa. Hapo kiwango chako kinaweza kushuka hadi chini ya dola 300. Lakini ukishapata kazi ya dola 15 kwa saa, asilimia 25 inaweza kuvuka hizo 430. Upitiaji unapanda na kushuka, kwa hiyo usiende ukidhani ni punguzo la bure. Uliza pia kama kaunti yako ina mpango wa NCP Choices. Ni mpango ambao mahakama inakuunganisha na ofisi ya ajira kwa ajili ya wazazi kama wewe, na jaji akiona unahudhuria anakuwa na sababu ya kukusikiliza.

Sasa hili la kulipwa mkononi. Ndilo linaloharibu maisha ya wazazi wengi kuliko hata kifungo chenyewe, na linauzwa kama busara ya wajanja. Wanakuambia "usipoonekana kwenye mishahara, hawakukati." Ni kweli hawakukati. Lakini deni linakua vilevile, kwa sababu, kama nilivyosema, usipoonyesha kipato unahesabiwa kima cha chini. Malimbikizo ya miezi 3 yanatosha leseni yako ya udereva kusimamishwa, na Houston bila gari huna kazi. Marejesho ya kodi yanachukuliwa. Ukiitwa kwa kudharau amri ya mahakama, jaji anaweza kukurudisha ndani hadi miezi 6, na jambo la kwanza atakalouliza ni "umekuwa ukiishi kwa nini?" Ukijibu "vibarua vya mkononi", umekiri mwenyewe kwamba pesa ilikuwepo.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Baba anapata vibarua, anampa mama watoto dola 200 mkononi, ananunua viatu vya shule, analipa simu ya mtoto, na moyoni anajua ametunza. Kwenye daftari la jimbo hajalipa hata senti. Matunzo yanahesabiwa yakipitia kituo cha malipo cha jimbo, na unachotoa pembeni kwa kawaida kinachukuliwa kuwa zawadi. Ukiwa na dola 50, zitume huko zikiwa na namba ya kesi yako, upate risiti, uitunze. Dola 50 kila wiki zinazoonekana zina uzito mbele ya jaji kuliko dola 500 za mara moja zisizo na karatasi.

Hofu ya kukatwa mshahara wote nayo inatiwa chumvi. Sheria ya Texas imeweka kikomo: kwa matunzo mwajiri hawezi kukukata zaidi ya asilimia 50 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Inauma, lakini nusu inabaki, na kila kilichokatwa kinasomeka kwenye daftari.

Kuhusu kuwaona watoto, mama yao amekosea, na unapaswa kulijua hilo bila kumfanya adui. Sheria ya Texas imetenganisha kabisa matunzo na kuonana. Hairuhusiwi kumnyima baba watoto kwa sababu ya deni, na wewe huruhusiwi kuacha kulipa kwa sababu umenyimwa watoto. Soma amri yako ya mahakama. Ratiba ya kawaida ni wikendi ya kwanza, ya tatu na ya tano ya mwezi, kuanzia Ijumaa saa 12 jioni. Kama iko, fika mahali palipotajwa, kwa saa iliyotajwa, kila mara, hata kama unajua hatafungua. Usigonge kwa hasira, usibishane mlangoni. Andika tarehe, saa na kilichotokea, hifadhi ujumbe wa simu, kisha uombe mahakama itekeleze ratiba hiyo. Kama amri haina ratiba, omba iwekwe. Na kwa kuwa watoto hawajakuona miaka miwili, pendekeza mwenyewe mwanzo mdogo: simu mara mbili kwa wiki kwa saa ileile, kisha saa 2 za bustanini, ndipo wikendi. Mtoto aliyezoea kukaa bila wewe anahitaji kwanza kuamini kwamba ukisema Jumatano saa 1 usiku, simu italia Jumatano saa 1 usiku. Ukikosa mara mbili umerudi nyuma kuliko ulipoanzia.

Onyo kwa mnaotoka kwenye kesi za ugomvi wa nyumbani: kama kuna amri ya ulinzi, soma kila mstari kabla ya kufanya lolote. Sisi tuna desturi ya kutuma wazee, shangazi au mchungaji wakazungumze na mama watoto. Nyumbani hiyo ni heshima. Hapa, amri ikisema usiwasiliane naye hata kupitia mtu mwingine, wazee uliowatuma ni ushahidi wa kosa jipya. Mawasiliano yapite kwa wakili au mahakamani.

Kwenye kazi, usianze na kozi kabla hujajua mlango gani umefungwa. Wenzetu wengi hukimbilia kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa. Hapo Texas mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa ngazi ya felony, yaani kosa kubwa la jinai, haruhusiwi kufanya kazi ya kugusana na wagonjwa katika vituo hivyo mpaka ipite miaka 5 tangu kuhukumiwa. Ukilipia mafunzo ya uuguzi msaidizi leo, umetupa ada. Tafuta maghala, viwanda, ujenzi, kuendesha forklift. Pitia ofisi ya Workforce Solutions, na mwajiri akisita mtajie Federal Bonding Program: ni bima inayomlinda mwajiri dhidi ya wizi wa mfanyakazi, dola 5,000 kwa miezi 6 ya kwanza, wala yeye wala wewe hamlipi kitu. Ipo tangu 1966, na waajiri wengi hawajawahi kuisikia.

Ukiulizwa kama umewahi kutiwa hatiani, jibu ukweli kwa sentensi tatu: kosa na mwaka, adhabu imekwisha, na unachoweza kufanya leo. Usihadithie. Anayefukuzwa mwezi wa pili mara nyingi hafukuzwi kwa wizi wa zamani, anafukuzwa kwa kudanganya kwenye fomu.

Kabla ya hapo jione mwenyewe kama mwajiri atakavyokuona. FBI inatoa rekodi yako kwa dola 18 ukipeleka alama za vidole. Wakimbizi wana sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Wengi wetu tuliandikwa kambini tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, majina matatu yakabadilishwa mpangilio, na kampuni za kukagua rekodi hutafuta kwa jina na tarehe. Watu wawili wenye jina linalofanana, wote wa 1 Januari, wanachanganywa kirahisi, na unajikuta umebebeshwa kesi ya mtu wa jimbo usilowahi kukanyaga. Mwajiri akitaka kukukataa kwa sababu ya ripoti ya kampuni hizo, sheria inamlazimu akupe kwanza nakala yake. Ipinge kwa maandishi. Kampuni ina siku 30 za kuchunguza, na hulipi chochote.

Nimemwacha mwishoni mzee wa dola 800 kwa sababu anawahusu wengi kuliko wewe. Hukumu ya felony ya wizi hapo Texas haifutwi kwa fomu. Kufutwa kabisa ni kwa walioachiwa huru, waliofutiwa kesi kwa masharti fulani, au waliopewa msamaha. Kufichwa rekodi kunawahusu hasa waliopewa hukumu ya kuahirishwa (jaji anaahirisha kumtia mtu hatiani na kumpa masharti ya kutimiza) na baadhi ya makosa madogo ya mara ya kwanza. Wewe umetumikia kifungo cha felony, haumo. Atachukua pesa, atakupa karatasi yenye muhuri, na ukaguzi wa kwanza wa mwajiri utaonyesha kila kitu.

Hasara ya dola 800 si kitu ukilinganisha na hatari ya uhamiaji. Tangu 1996, kwa sheria ya uhamiaji, hata ile hukumu ya kuahirishwa ambayo mahakama ya Texas inasema "si hukumu" inahesabika kuwa hukumu mradi ulikiri kosa na ukapewa adhabu au masharti yoyote. Rekodi iliyofichwa kwa mwajiri, afisa wa uhamiaji anaiona. Wizi wenye adhabu ya mwaka 1 au zaidi unaweza kuhesabiwa katika kundi la makosa mazito kabisa, yale yanayomwondoa nchini mwenye grinikadi. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiombe uraia, usitume maombi ya grinikadi mpya, wala usipande ndege kwenda Bujumbura au Nairobi kumzika mtu, kabla wakili wa uhamiaji hajasoma karatasi zako za hukumu. Wengi wamejipeleka wenyewe mikononi mwa maafisa kwa kujaziwa fomu ya uraia na mtu aliyewaambia rekodi imeshafutwa. Kama wakili wako wa jinai hakukueleza athari hizi kabla hujakiri kosa, mwambie wakili wa uhamiaji: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai alipaswa kukueleza.

Wengi wa wafutaji hawa wanajiita "notaire", na sisi tuliotoka Kongo tunadanganyika kwa neno hilo, maana kwetu notaire ni mtu mzito wa sheria. Hapa Marekani yeye ni shahidi wa saini tu. Hana ruhusa ya kukushauri wala kuchagua fomu ya kukujazia. Wenye ruhusa ya kushughulikia uhamiaji ni wawili: wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambaye hufanya kazi chini ya shirika linalotambuliwa na mara nyingi hutoza kidogo au bure. Majina ya mawakili wa Texas yako kwenye tovuti ya chama chao, ya wawakilishi kwenye orodha ya wizara. Mwulize mzee huyo jina lake kamili na namba yake ya leseni, utafute hapohapo kwenye simu, mbele yake. Jina lake lisipokuwepo, chukua karatasi zako zote, hasa za asili, uondoke nazo siku hiyohiyo.