Jibu: Dawa kachoma daktari, mbona anafungiwa mkufunzi?

Habari mkuu. Umeuliza iweje daktari wa mifugo ndo achome sindano, halafu farasi wa mbio akipimwa akakutwa na dawa anayeadhibiwa ni mkufunzi. Kule Marekani sheria ndo ilivyo, kikionekana chochote kwenye damu au mkojo wa farasi wako kwanza unawajibika wewe mkufunzi, hata kama hukuwepo.

Cha kwanza angalia ni dawa gani. Zilizopigwa marufuku kabisa, kwa kanuni za dawa za HISA (mamlaka inayosimamia mbio za farasi Marekani) zilizoanza 2023, zinaweza kukuweka nje hadi miaka 2. Zile za matibabu ya kawaida ambazo zilitakiwa tu ziwe zimeisha mwilini siku ya mbio, adhabu yake ni nyepesi zaidi. Ila usidharau, farasi Medina Spirit alikutwa na betamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye mbio kubwa za Kentucky Derby za 2021, utetezi ukasema ni marhamu ya upele, haikusaidia kitu, mkufunzi wake Bob Baffert akafungiwa siku 90 na faini dola 7,500 na ushindi ukafutwa.

Mi nimetunza farasi wa mbio miaka kadhaa na kilichotuokoa ni daftari, siku, saa, kipimo, nani kampa, mpaka marhamu ya kidonda maana hizo ndo husahaulika. Kwa hiyo omba sampuli B (ile ya pili iliyohifadhiwa) ipimwe kabla muda haujapita, kusanya rekodi za daktari, na uliza wafanyakazi wanatumia dawa gani wenyewe, kuna farasi huchafuliwa na mtu kukojoa kwenye nyasi za bandani.