Bei ya Ukutani Siyo Bei ya Mirathi

Juzi dada mmoja wa Oregon, Marekani, kaniandikia. Kaka yake kafariki, kaacha nyumba na duka la michoro na vinyago, na mwanasheria anadai orodha yenye bei. Anauliza: apeleke ile ya bima?

Usiipeleke, dada. Mimi niliipeleka.

Baba alifia Boston mwaka 2023. Nyumba ya sanaa ilikuwa kwa jina lake mwenyewe, siyo la kampuni. Huku Massachusetts kodi ya mirathi inagusa mali inayozidi dola milioni 2. Kwenu Oregon ni milioni 1 tu. Huku unapewa miezi 9 tangu kifo, kwenu miezi 12. Kwa uchungu niliokuwa nao, nikamkabidhi mthamini orodha ya bima, naye akainakili. Bima huandika gharama ya kununua kingine dukani. Kodi inataka bei ambayo muuzaji na mnunuzi, wote wasiolazimishwa, wangekubaliana siku ile ya kifo. Kwetu hiyo ya pili ilikaribia nusu ya ile ya kwanza. Tukalipa kwa ile kubwa.

Miezi ikapita. Usiku mmoja nikafungua daftari la Baba, lile lenye jalada lililoshikizwa kwa selotepu. Mwandiko wake wa kulala: "Vinyago 6, mpingo, mali kauli, Mwenge." Yaani alipewa auze kwanza ndipo awalipe wenyewe, wachongaji wa soko la Mwenge. Nikashusha kimoja rafuni, nikakigeuza. Kitakoni kuna namba ileile ya daftarini, kwa rangi nyeupe. Nililia. Tulilipia kodi jasho la wachongaji wa Dar es Salaam, mali ambayo Baba hakuwahi kuimiliki! Nikatafuta mthamini mwingine, nikaomba marekebisho, fedha zikarudi. Yule wa kwanza hadi leo hajanipa hata pole.

Kwa hiyo anza na daftari. Tenga mali kauli na mali ya marehemu. Kisha tafuta mthamini anayezijua kazi zetu: Mzee Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu hadi kifo chake mwaka 1972, kwa hiyo za mkono wake ni adimu, na za waliomfuata ni maelfu. Asiyejua tofauti atakuumiza.

Kama mzigo ni mkubwa, dai punguzo la thamani, maana soko haliwezi kumeza vyote siku moja. Mchongaji David Smith aliacha sanamu 425, na mwaka 1972 mahakama ya kodi ya Marekani ililikubali jambo hilo.

Lakini usishushe bei kwa hila. Mbali na faini, thamani ya siku ya kifo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yako ukija kuuza. Ukiandika kidogo leo, faida itaonekana kubwa kesho, na kwa kazi za sanaa serikali kuu hutoza hadi asilimia 28.

Vile vinyago 6 nilivirudisha Mwenge mwenyewe, nimevifunga kwa kanga za mama.