Barua kwa mwanangu aliyeko Philadelphia

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: sisi tunafika huko na begi moja na tunasonga mbele, mbona Weusi waliozaliwa hapo wamebaki nyuma? Najua hukuuliza kwa ubaya, ila limeniuma, maana swali hilo ni kongwe na lilishajibiwa humo humo mjini mwako.

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita W.E.B. Du Bois, Mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa Harvard, awachunguze Weusi wa Wadi ya Saba, yaani kata ya saba ya mji huo wa Philadelphia. Mshahara dola 900 kwa mwaka. Darasa la kufundisha hakupewa. Akahamia kwenye wadi hiyo na mkewe, bibi harusi wa juzi tu, chumba kimoja juu ya mgahawa. Kisha akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba, karatasi ya maswali mkononi: mko wangapi, pango kiasi gani, mnafanya kazi gani, mmezaliwa wapi? Weusi wa wadi ile walizidi 9,000. Akachora ramani, kila nyumba na rangi yake kulingana na hali ya waliomo. Kumbe mtaa ule ulioitwa wa wahalifu ulijaa walimu, wafanyabiashara, vibarua wachapakazi na mafukara, na wahalifu walikuwa wachache.

Kitabu chake cha uchunguzi huo kilitoka 1899, kikaonyesha haya. Nyumba mbovu, Mweusi aliilipia zaidi ya Mzungu, basi familia ikajibana na kupangisha chumba ili pango litimie. Vyama vya mafundi na viwanda vilimfungia mlango. Hata aliyesoma aliishia kuhudumu mezani. Wahamiaji kutoka Ulaya walishuka melini na kupewa kazi alizonyimwa yeye. Hapo, mwanangu, lisome tena swali lako.

Na mlango uliopitia wewe je? Sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta upendeleo kwa Wazungu wa Ulaya, ilipita wakati Weusi hao hao wameshaandamana, wamepigwa na kufungwa wakidai haki. Hilo sitaki ulisahau ukiwa kazini nao.

Ukipata nafasi Jumamosi, tembea Lombard Street kuanzia mtaa wa 7 kuelekea mto Schuylkill. Ndiyo wadi yenyewe. Weusi wengi wameshaondoka pale. Jumapili nenda kasali Mother Bethel, kanisa la Weusi lililoanzishwa 1794, liko Lombard na mtaa wa 6. Wasalimie wazee, waulize watu wao walihamia wapi na kwa nini, kisha uniandikie.

Mama yako