Kwa Mhakiki Anayeanza: Namna ya Kuitazama The Dogs of War

Ndugu zangu mnaoanza kuandika uhakiki wa filamu hapa Mombasa, nimezisoma kazi nyingi za wanagenzi na kuzihariri baadhi yake, na jambo ninalolisisitiza kila mara ni kwamba msianze na filamu iliyokwisha kusifiwa na kila mtu. Filamu ya namna hiyo huja na hukumu yake tayari, nanyi hujikuta mkirudia maneno ya wengine bila kujijua. Anzeni na filamu nzuri iliyopitwa, ambayo itawalazimu kutafuta hoja zenu wenyewe. Mimi huwapendekezea The Dogs of War, filamu ya mamluki iliyotoka Uingereza mwaka 1980 na Marekani mapema mwaka 1981, ambayo John Irvin aliiongoza kutokana na riwaya ya Frederick Forsyth ya mwaka 1974.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mamluki aitwaye Shannon, anayechezwa na Christopher Walken, anatumwa na wakala wa wenye migodi wa Uingereza kwenda kuichunguza Zangaro, nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi iliyo chini ya dikteta Kimba, akijifanya mpiga picha wa ndege wa porini. Anakamatwa, anapigwa vibaya, anatiwa gerezani, kisha anafukuzwa nchini. Baadaye anarudi na wenzake wachache pamoja na wakimbizi wa Zangaro waliofunzwa vita, kumpindua Kimba ili wenye fedha wapate madini ya platini. Vita vya panzi, neema ya kunguru, walivyosema wahenga, na filamu nzima inahusu kunguru huyo zaidi kuliko panzi.

Mtazamaji mgeni hukaa akisubiri bunduki zilie. Zinapochelewa, huandika kwamba filamu inakwenda polepole, na hapo ndipo hoja yake inapokufa. Sehemu ya katikati, ambapo Shannon anazunguka Ulaya akinunua silaha kwa magendo, akitafuta meli ndogo ya mizigo na kupanga malipo, ndiyo moyo wa kazi hii. Itazameni sehemu hiyo mara mbili, na mara ya pili andikeni pembeni ni nani anayempa nani fedha na ni nani anayetia saini. Mtagundua kwamba mapinduzi yanaonyeshwa kama biashara yoyote ile yenye wakala, amana, shehena na tarehe ya kufika, na kwamba ubaridi wa watu wanaokaa mezani unatisha kuliko moto wa mashambulizi ya mwisho.

Sisi watu wa mji wa bandari tuna uwezo wa kuielewa sehemu hii kuliko wengi. Ni nani Mombasa asiye na ndugu au jirani anayefanya kazi Kilindini au katika ofisi ya wakala wa forodha, na asiyejua kwamba mzigo ni karatasi kabla haujawa chuma? Kumbukeni meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali mwezi Septemba mwaka 2008 ikiwa njiani kuja kwetu na vifaru 33. Mjadala mkubwa uliozuka ulihusu hati zake: vifaru vile vilikuwa vya jeshi la Kenya au vya Sudan Kusini? Ilipofika bandarini mwezi Februari mwaka 2009, swali hilo lilikuwa bado likiulizwa. Mhakiki wa hapa anayeandika juu ya filamu hii bila kuligusa jambo hilo anaiacha mezani hoja ambayo mhakiki wa London hana.

Baada ya kuitazama filamu, isomeni riwaya, na ningependa mfuate mpangilio huohuo, kwa sababu anayetangulia kuisoma riwaya hukaa akihesabu yaliyoachwa badala ya kutazama yaliyomo. Forsyth alikuwa mwanahabari aliyeripoti vita vya Biafra nchini Nigeria, na riwaya yake imejaa ufundi wa kazi: bunduki zinazofichwa ndani ya mapipa ya mafuta ya mashine, hati za uongo za mnunuzi, mashua za mpira zinazonunuliwa Ufaransa. Filamu haiwezi kuyabeba yote hayo katika muda wa saa mbili, na haijaribu. Inachokifanya ni kuuhamishia mzigo huo usoni kwa Walken, ambaye huzungumza kidogo na hutazama sana, na ambaye maisha yake nyumbani Marekani yanaonyeshwa kuwa matupu kiasi kwamba kazi ya kuua inabaki kuwa kitu pekee anachokijua. Miisho nayo inatofautiana: katika riwaya Shannon ana maradhi ya saratani na hatimaye anajiua, ilhali katika filamu anaondoka akiwa hai. Mkilinganisha, msiulize ipi ni bora. Ulizeni kila mwisho unamtwisha nani lawama.

Naomba mtulie zaidi kwa Daktari Okoye. Huyu ni mwanasiasa wa msimamo wa wastani aliyefungwa na Kimba, na anakutana na Shannon gerezani, ambako anamtibu majeraha baada ya mateso. Tukio hilo ni dogo. Mtu aliyekuja kuipeleleza nchi ili iuzwe amelala hoi mikononi mwa mwenyeji ambaye hana chochote cha kumtoza, na Winston Ntshona analicheza bila kuinua sauti wala kuomba huruma yetu. Ntshona alikuwa mwigizaji wa jukwaani kutoka Afrika Kusini, aliyetunukiwa Tony, tuzo ya Marekani ya michezo ya jukwaani, mwaka 1975 pamoja na mwigizaji mwenzake John Kani, na miaka miwili kabla ya filamu hii alikuwa amecheza kiongozi wa Kiafrika katika The Wild Geese, filamu nyingine ya mamluki iliyovuma kuliko hii. Zitazameni zote mbili. Katika ile ya kwanza kiongozi huyo anabebwa na kuokolewa. Katika hii, wakala wa wenye migodi anapofika ikulu akiwa na Kanali Bobi, kibaraka aliyekwisha kununuliwa, anamkuta Okoye amekaa kwenye kiti, na Shannon anampiga Bobi risasi. Uzito wa tendo hilo hauonekani kwa mtu aliyelipita haraka tukio la gerezani.

Kuhusu ufundi nitasema machache. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Irvin kwa ajili ya majumba ya sinema, baada ya kuongoza Tinker Tailor Soldier Spy, mfululizo wa televisheni kuhusu majasusi, mwaka 1979, na uvumilivu wake kwa watu wanaozungumza vyumbani unatoka huko. Mpigapicha wake ni Jack Cardiff, bingwa wa rangi aliyepata tuzo ya Oscar kwa Black Narcissus. Picha zilipigwa Belize, Amerika ya Kati, na mtazamaji wa Pwani ataziona nyumba za mbao na kuhisi kwamba hii si Afrika aijuayo. Semeni hivyo waziwazi. Semeni pia kwamba watu wa Zangaro, ukimwondoa Okoye, hawapewi nafasi ya kutosha ya kuwa watu, na kwamba wakimbizi wanaopigana bega kwa bega na Shannon hawana hata majina yanayokaa akilini. Kuipenda filamu hakumzuii mhakiki kulisema hilo, na mimi naipenda sana.

Msiichukulie Zangaro kuwa ndoto ya Mzungu peke yake. Forsyth aliichora kutokana na Guinea ya Ikweta ya dikteta Macías Nguema, na mwaka 2004 kundi la mamluki lililokuwa na mpango wa kuipindua serikali ya nchi hiyohiyo lilikamatwa Harare ndani ya ndege yao. Karibu zaidi na sisi, mwezi Mei mwaka 1978 mamluki Mfaransa Bob Denard alishuka Ngazija usiku kutoka baharini na kumwangusha Ali Soilih, kiongozi wa Komoro. Na mwezi Novemba mwaka 1981 mamluki Mike Hoare, aliyekuwa mshauri wa The Wild Geese, alijaribu kuiteka Shelisheli, akashindwa uwanjani pa ndege baada ya silaha kugunduliwa katika mizigo. Familia za Kingazija zimo mitaani mwetu. Kabla ya kuandika, kaeni na mzee mmoja wa jamii hiyo, mumpe heshima yake, mumwombe awasimulie habari za miaka ile, kisha mrudi kuitazama sehemu ya mashambulizi.

Itafuteni nakala ya Uingereza, yenye dakika zipatazo 118, kwa kuwa ile ya Marekani ilikatwa. Rasimu ya kwanza isizidi kurasa mbili, na ianze na mkutano mmoja wa kununua silaha mtakaouchagua wenyewe, mkieleza nani ameketi wapi na fedha zinapita mikononi mwa nani. Nikiiona rasimu inayoanza na mlipuko, nitairudisha.