Umeniuliza kama nina raha

Milwaukee, Marekani, Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Mimi mzima, ila goti linanisumbua kidogo nikipanda ngazi. Naamini wewe, mwenzio na wajukuu wangu hamjambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulisema: "Baba, kila nikikupigia uko bustanini, au unachoma nyama na wazee wenzako, au unaangalia ule mchezo wa watu waliosimama kama wanasubiri daladala. Niambie ukweli. Una raha huko, au unatuficha tu tusiwe na wasiwasi?" Swali hilo halijibiki kwa sauti ya dakika moja, ndiyo maana nilikaa kimya. Leo Jumamosi nimeamka mapema, majani ya nje yameganda kwa baridi, nimechemsha chai, nakuandikia.

Kuna wakati niliwaficha. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nakula mkate na mayai nimesimama jikoni, kisha nalala hadi jua linazama. Mlipopiga simu nikawaambia mambo safi. Hayakuwa safi. Sikumjua mtu, na kila nilichokula hakikuwa na ladha mdomoni.

Kilichonitoa huko ni redio. Chini ya chumba nilichopanga aliishi mzee mmoja fundi bomba, na jioni za kiangazi alikuwa akikaa barazani na redio yake. Dirisha langu lilikuwa juu yake. Nilisikia sauti ya mtangazaji akisimulia taratibu, ananyamaza, unasikia tu watu uwanjani wakivuma kama nyuki, halafu ghafla sauti inapanda na uwanja mzima unalipuka. Sikuelewa hata neno moja la mchezo wenyewe. Lakini nilimkumbuka babu yako. Unakumbuka nilivyokusimulia alivyokuwa akiitundika redio kwenye mti wa kahawa, Simba na Yanga wakicheza, na sisi watoto tumekatazwa hata kukohoa? Nililala usingizi mzuri usiku ule.

Mtangazaji huyo alikuwa Bob Uecker. Alianza kutangaza mechi za timu ya besiboli ya hapa mwaka 1971 na aliendelea mpaka msimu wa 2024. Kiingereza cha watu wa hapa, namna wanavyotaniana na namna wanavyolalamika, nilijifunza kwake zaidi kuliko darasani. Alifariki Januari mwaka huu. Siku ile nilikupigia nikakwambia nimefiwa na rafiki, ukaniuliza ni nani, nikashindwa kueleza. Sasa umejua.

Besiboli nimekuja kuipenda kama mkulima anavyopenda shamba. Mpira wetu wa miguu unausubiri wiki nzima, unacheza dakika 90, umekwisha, na ukifungwa unaumwa mpaka wiki inayofuata. Hapa timu inacheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Leo umefungwa, kesho jioni uko tena uwanjani. Mpigaji anayeshindwa mara saba kati ya kumi ni nyota, watoto wanavaa jezi yake. Mwaka huu timu yetu, Brewers, imeshinda mechi 97, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi, na bado ilifungwa mara 65. Kisha kwenye mtoano Dodgers wa Los Angeles wakatufunga mechi nne kwa sifuri. Niliumia, sikufichi. Timu hii haijawahi kuchukua ubingwa wa mwisho tangu ije mji huu mwaka 1970. Ilifika fainali mara moja tu, mwaka 1982, ikapoteza katika mechi ya saba.

Na hao watu unaosema wamesimama tu, wanafanya kazi. Tazama siku moja yule anayedaka nyuma ya mpigaji. Anachuchumaa, anamwashiria mrushaji kwa siri ni mpira wa aina gani aurushe, na wale wa nyuma wanasogea hatua mbili kushoto au kulia kufuatana na mpigaji aliyekuja. Ukishaanza kuziona hatua hizo mbili, mechi haichoshi tena. Mimi ilinichukua misimu mitatu kuziona.

Sasa kuhusu nyama. Watu wa hapa hufika uwanjani saa mbili au tatu kabla ya mechi, wanafungua buti za magari kwenye maegesho, wanawasha mkaa. Ukisimama mbali unaona moshi juu ya magari maelfu, ungedhani uko kwenye harusi ya Kichaga iliyoalika wilaya nzima. Soseji yao inaitwa bratwurst, waliileta Wajerumani. Wengi huichemsha kwanza ndani ya bia na vitunguu na siagi, kisha wanaimalizia juu ya moto mpaka ngozi ipasuke. Inaliwa na haradali na kabichi iliyochachushwa. Mimi hupeleka mbuzi niliyemlaza na ndimu na tangawizi, ndizi za kuchoma na kachumbari. Mwaka wa kwanza watu walipita wakitazama. Siku hizi kuna familia ya Kipolandi ambayo huniuliza tangu Machi kama mbuzi atakuwepo, na wao huniwekea soseji nne pembeni.

Mimi na wenzangu hupenda kuegesha karibu na kibao kimoja kilichowekwa pale chini kwenye maegesho. Kinaonyesha mahali ulipodondoka mpira wa 755 wa Hank Aaron, tarehe 20 Julai 1976, enzi za uwanja wa zamani. Ni mpira wake wa mwisho kuvusha ukuta. Aaron alikuwa mtu mweusi kutoka Alabama, alianzia ligi kuu hapa hapa Milwaukee mwaka 1954. Alipokaribia kuivunja rekodi ya mchezaji wa zamani Babe Ruth, ya mipira 714 iliyovuka ukuta, akaivunja mwaka 1974 akiwa Atlanta, aliandikiwa barua nyingi za matusi na vitisho vya kumuua kwa sababu ya rangi yake. Aliendelea kupiga. Mwishoni akarudi kumalizia hapa. Nawaona wazee weusi wakiwaleta wajukuu zao kusimama juu ya kibao kile, wengine wanavua kofia. Ukija nitakusimamisha pale na wewe.

Ijumaa ni samaki. Mji huu una Wakatoliki wengi na Walutheri wengi, na desturi ya samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa imeingia mpaka kwenye baa. Kwa hilo tu sikuhisi ugeni.

Bia najua inakukera. Umeokoka, na sitaki kubishana na imani yako. Ila nikueleze ninachokiona mimi. Mji huu ulijengwa na Wajerumani wapika bia, Schlitz, Pabst, Blatz, Miller, na hata jina la timu maana yake ni wapika bia. Viwanda vikubwa vingi vimefungwa, cha Schlitz kilifungwa mwaka 1981, lakini vidogo vimeota kila mtaa. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye kimoja, pale kando ya mto, kijana aliyetutembeza alifunua pipa la kimea kilichokuwa kinachemka. Harufu ile ilinipiga usoni nikashika ukuta. Ilikuwa jiko la bibi yako.

Bibi yako alikuwa akilowesha ulezi, anautandaza juu ya majani ya mgomba mpaka uote, anaukausha, anausaga. Ndizi mbivu anazichemsha na kuziacha zichachuke siku kadhaa, halafu anachanganya na uji wa kimea. Uchungu wa mbege, pombe yetu Wachaga, unatoka kwenye gome la msesewe. Yule kijana alinionyesha maua ya hopsi, akasema haya ndiyo yanaleta uchungu. Nikamwambia sisi tuna mti. Alinisikiliza kwa makini kweli, akaniuliza gome hilo linakatwa vipi, linachemshwa muda gani, na mimi nikagundua nusu ya majibu sina, kwa kuwa ilikuwa kazi ya akina mama na sikuwahi kuuliza. Mpigie shangazi yako umuulize, uniandikie. Nakuomba hilo kwa dhati.

Nakunywa makopo mawili siku ya mechi, na siendeshi gari. Kinachonipendeza zaidi ni wale ninaokaa nao. Nyumbani kibuyu hakikunywewa na mtu mmoja chumbani, na hapa pia sipendi kunywa peke yangu.

Sasa bustani, ambayo ungeniuliza peke yake ningekuandikia kurasa kumi. Kipande changu kiko Alice's Garden, ekari kama mbili zilizozungukwa na nyumba na barabara. Nyumba zilizokuwa pale zilibomolewa ipite barabara kuu, na barabara yenyewe haikujengwa, ardhi ikabaki. Zamani zaidi lilikuwa shamba la mzungu mmoja aitwaye Samuel Brown. Mwaka 1842 alikuwa mmoja wa waliomsaidia binti wa miaka 16, Caroline Quarlls, aliyetoroka utumwa St. Louis, mpaka akafika Kanada. Mimi nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha babu wa babu yako, ambapo kila mti una jina la aliyeupanda. Nilikuwa nikifikiri ardhi ya mjini haina wenyewe. Hii inao.

Mwaka wa kwanza nilipanda Aprili kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Baridi ya usiku mmoja iliua kila kitu, nikaenda asubuhi nikakuta mche wa nyanya umelala mweusi kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Hapa unasubiri hadi katikati ya Mei. Sasa naanzisha miche dirishani mwezi Machi kwenye vikopo vya mtindi, na vikopo vikianza kuota najua na mechi za kwanza zimekaribia.

Jirani yangu wa bustani ni mama wa Kimarekani mweusi, familia yake ilihamia huku kutoka Mississippi. Sukuma wiki kwao ni chakula cha mababu, wanaipika na nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, muda mrefu, mpaka mchuzi unakuwa mzito. Siku moja nilimkuta anang'oa magugu na kuyatupa njiani. Nikatazama vizuri: mchicha! Mchicha kabisa, ule wenye shina jekundu chini. Nikamwomba. Akacheka, akasema chukua gugu lote unalotaka. Nilijaza mfuko, nikachambua usiku ule, nikaupika na kitunguu, nyanya na karanga za kusaga. Kesho yake nikampelekea bakuli. Alionja kijiko cha kwanza amesimama, cha pili akaketi juu ya ndoo. Akamaliza. Hakusema kitu, ila tangu hapo akipalilia huuacha mstari mmoja wa mchicha upande wangu, na mimi humwachia vishada vya kwanza vya maharage.

Jioni nikiwa pale natundika redio yangu ndogo kwenye kigingi cha nyanya. Wanaopita njiani huniuliza matokeo. Agosti hii timu ilishinda mfululizo, na kuna mikahawa ya hapa, George Webb, iliyoahidi miaka mingi iliyopita kwamba Brewers wakishinda mechi 12 mfululizo watawalisha watu hambaga bure. Ilitokea mwaka 1987, ikatokea 2018, ikatokea na mwaka huu. Nilipanga foleni pamoja na yule mama na mjukuu wake. Hambaga ya kawaida tu, na kachumbari ya tango. Tulikula tumesimama barabarani, watu wote mtaa mzima wamevaa kofia za rangi moja, na mimi katikati yao nilikuwa najulikana kwa jina.

Basi umeniuliza kama nina raha. Ninayo, mwanangu. Nawakosa pia, hasa Jumapili mchana, saa ambazo huko mnakuwa mmemaliza kula mtori na mmejilaza. Hayo mawili yanakaa pamoja kifuani, na sijaona moja likimfukuza mwenzake. Usiniombee nirudi kwa kudhani nateseka. Niombe nirudi kwa sababu mnanihitaji, hilo tutaliongea vizuri, na mimi nitalisikiliza.

Njoo Agosti, usije Desemba. Nitakupikia sukuma kwa namna ya Mississippi na kwa namna yetu, uchague.

Naishia hapa maana saa nne jirani anakuja. Kwenye nusu pipa nina mgomba wangu, umenipita urefu sasa, na kila mwaka kabla baridi haijakaza tunaushusha chini ya nyumba ukalale mpaka Mei. Hautazaa, msimu wa hapa ni mfupi mno. Majani yake nafunikia chungu cha ndizi. Nimeshakata yaliyozeeka, nimebakiza matatu ya juu, na lile changa la katikati bado limejiviringa.

Wabusu wajukuu wangu.

Baba yako