Jibu: Usiende kwenye mdahalo na hoja ya "safari 24 salama"

Mkuu, futa hiyo aya ya pili ya hotuba yako kabla hujaikariri. Umeuliza mambo matatu: usalama wa wanaanga, bajeti, na roboti badala ya watu. Mimi nimekwama kwenye la kwanza, pale unapotaka kusema ajali ya Challenger ya 1986 ilikuwa bahati mbaya tu kwa kuwa Space Shuttle, vyombo vya anga vya Marekani ambavyo Challenger ilikuwa kimojawapo, ilishakwenda na kurudi mara 24 bila mtu kufa.

Hoja hiyo niliisimamia chuoni, ukumbi umejaa. Mhandisi mmoja mstaafu akanyoosha mkono, akauliza, "Hizo oringi, pete za kuzibia maungio ya roketi, zilirudi zikoje?" Sikuwa na la kusema. Aliyetufundisha mdahalo alitugawia karatasi ya takwimu tupu, akasema majaji wanapenda namba. Bado inaniuma, kwa sababu ripoti ya uchunguzi wa ajali hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote na yeye hakuifungua.

Ukweli ni huu. Roketi za pembeni ziliungwa vipande vipande, na kila ungio likazibwa kwa oringi mbili za mpira. Januari 1985 chombo kilirushwa baada ya baridi kali, ungio likiwa na nyuzi kama 12 za Selsiasi. Roketi zilipofunguliwa, grisi iliyokuwa katikati ya oringi hizo mbili ilikutwa nyeusi tii: gesi ya moto ilishapenya ya kwanza. Safari hiyo umeihesabu kama salama! Tairi kipara likikufikisha Morogoro mara tano halijageuka kuwa jipya.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo za pembeni, akiwemo Roger Boisjoly, walipinga kwa simu kurusha chini ya nyuzi hizo 12. Wakabanwa wathibitishe kwamba oringi zitashindwa, badala ya wakubwa kuthibitisha kwamba zitahimili. Mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Asubuhi hewa ilikuwa na nyuzi kama 2. Sekunde 73 baada ya kuruka, Challenger ikasambaratika na watu saba wakafa, mwalimu Christa McAuliffe akiwa mmoja wao. Baadaye Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alikuta mameneja wanasema uwezekano wa ajali ni 1 kwa 100,000, wahandisi wanasema 1 kwa 100.

Kwa hiyo usihesabu safari zilizorudi, kagua zilirudi na nini. Columbia, Space Shuttle nyingine, nayo ni hivyohivyo: vipande vya sponji la kukinga tangi la mafuta vilishadondoka safari nyingi, vikazoeleka, hadi kimoja kikatoboa bawa na watu saba wakafa tarehe 1 Februari 2003.

Na jiandae, mpinzani atakuletea Starliner, chombo cha Boeing kilichopeleka wanaanga wawili kwenye kituo cha anga. Mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikirudisha kitupu kwa sababu ya injini ndogo zilizosumbua, kikatua salama, na watu wakasema wale wawili wangeweza kupanda. Ni hesabu ileile mbovu.

Ukitaka mfano wa hatari inayostahili, chukua matengenezo ya Hubble, darubini iliyoko angani, Mei 2009. Yalifutwa baada ya Columbia, yakarudishwa pale tu palipopatikana mpango wa uokoaji: Space Shuttle Atlantis ikaruka huku nyingine, Endeavour, imesimama tayari kuwafuata wanaanga wakikwama.

Andika aya mpya uiweke hapa, nitaisoma leo usiku.