Je, ni dhambi kutilia shaka kaburi la walii?

SWALI: Asalaam alaykum Sheikh. Mimi ni muuza dagaa hapa Mwanza, Mwaloni Kirumba. Kwenye kisiwa kimoja tunakofuata mzigo kuna kaburi la mawe, refu kama mtumbwi. Wenyeji wanasema ni la walii aliyetoka Baghdad, akavuka ziwa juu ya msala wake. Pembeni kuna jiwe lenye shimo, wanaliita unyayo wake. Ba'mdogo wangu anakusanya michango ya safari ya kwenda kuzuru na kuweka nadhiri. Nilimwambia sina hakika na habari hizo, akakasirika, akasema anayemkana walii imani yake ina ufa. Kabla hilo halijapoa, kijana mmoja kanionesha video kwenye simu kwamba Nabii Isa naye kazikwa Kashmir. Sheikh, niamini lipi? Na je, nimekosa?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hujakosa, ndugu yangu. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia.

Karama za mawalii tunazikubali. Qur'ani yenyewe inatuambia Nabii Zakaria kila alipoingia mihrabuni kwa Maryamu alikuta riziki, akamuuliza umeipata wapi hii. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu akitaka kumvusha mja wake juu ya maji, atamvusha, na ziwa letu hili si kubwa mbele ya uwezo Wake. Ila kusema "Mungu anaweza" ni jambo moja, na kusema "fulani alivuka hapa na kaburi lake ni lile pale" ni jambo jingine. La kwanza ni itikadi. La pili ni habari, na habari huulizwa: kasimulia nani, naye kaipata kwa nani?

Maswali hayo si uhuni wa vijana wa siku hizi. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, mkusanyo wake wa hadithi, amenukuu maneno ya Abdullah bin Mubarak: sanadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, ni katika dini, na lau si sanadi kila mtu angesema alitakalo. Hapohapo amepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Wewe mwenyewe hununui gunia la dagaa kwa kutazama juu. Unazamisha mkono mpaka chini, kwa sababu unajua wameanikwa wapi na mchanga hujificha wapi. Basi kwa nini habari ya dini uipokee kwa kutazama juu tu?

Sasa nikupe kisa ambacho natamani ba'mdogo akisikie. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, Maswahaba wapatao 1,400 walimpa Mtume ahadi chini ya mti. Mti huo umetajwa katika Suratul Fat-h, aya ya 18, na Mungu kasema amewaridhia waumini wale. Je, kuna mti wenye haki zaidi ya kuwekewa uzio na kuwashiwa ubani? Lakini mwaka uliofuata walipopita tena, Ibn Umar, mmoja wa Maswahaba hao, anasema hawakupatikana hata watu wawili waliokubaliana kwamba ni ule. Kisha akaongeza neno zito, nalo limo katika Sahihi Bukhari: ilikuwa ni rehema kutoka kwa Allah. Ule usahaulifu wao kauita rehema.

Miaka ikapita. Tariq bin Abdulrahman, akiwa njiani kwenda Hijja, akawakuta watu wanaswali mahali fulani. Akauliza, wakamwambia huu ndio mti wa ile ahadi. Akaenda kumweleza Said bin Musayyib, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliotoa ahadi ile. Said akasema: Maswahaba wa Muhammad hawakuujua, nyinyi mmeujua? Basi nyinyi ndio wajuzi zaidi! Katika mapokezi mengine imetajwa kwamba alicheka. Nami hupenda kukumbuka kicheko kile ninapoambiwa habari za makaburi yaliyogunduliwa kwa ndoto.

Kuna na kisa cha Tustar, katika Iran ya leo, ilipofunguliwa zama za Khalifa Umar. Abul-Aliya anasimulia kwamba katika hazina ya Hurmuzan, jemadari wa Waajemi, walimkuta maiti juu ya kitanda, watu wakisema ni Nabii Danieli. Mvua ikikosekana, wenyeji walikuwa wakikitoa kile kitanda nje ili inyeshe. Waislamu walifanyaje? Mchana walichimba makaburi 13 mahali mbalimbali, usiku wakamzika katika moja, wakayasawazisha yote asijue mtu yupi yuko wapi. Ibn Kathir, mwanazuoni wa historia na tafsiri, kaipima hata habari hii yenyewe. Akasema sanadi yake mpaka kwa Abul-Aliya ni sahihi, lakini kama kweli marehemu alikuwa na miaka 300 tu tangu afe, basi si nabii bali mtu mwema, kwa kuwa baina ya Isa na Mtume wetu hapakuwa na nabii. Hata hivyo leo Danieli ana kaburi Shush huko Iran, na jingine Samarkand lenye urefu wa mita 18 hivi. Nimetabasamu kidogo uliposema lile la kisiwani ni refu kama mtumbwi.

Tuje Kashmir. Kaburi lipo kweli, mtaa wa Khanyar mjini Srinagar, na linaitwa la Yuz Asaf. Aliyeshikilia kwamba huyo ni Nabii Isa ni Mirza Ghulam Ahmad, mwanzilishi wa jumuiya ya Ahmadiyya, katika kitabu alichokiandika mwaka 1899. Jina hilo wajuzi wa lugha wamelifuatilia. Kuna hekaya kongwe ya maisha ya Buddha iliyoingia katika Kiarabu, na mhusika wake aliitwa Budhasaf, kutokana na "bodhisattva" ya Wahindi, yaani anayeelekea kuwa Buddha. Sasa kumbuka ulichofundishwa chuoni: ba ina nukta moja chini, ya ina mbili. Mwandishi mmoja akizidisha nukta, Budhasaf anakuwa Yudhasaf, na kutoka hapo mpaka Yuz Asaf si mbali. Nukta moja tu ya wino, ndugu yangu.

Hata safari ya Isa kwenda India enzi za ujana ina mtu wake. Mrusi aitwaye Notovitch alichapisha kitabu Paris mwaka 1894, akidai kaonyeshwa maandishi katika nyumba ya watawa ya Hemis, Ladakh. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja kutoka Agra, Douglas, akafunga safari mpaka Hemis kumuuliza mkuu wa watawa, naye akakana kabisa. Na kijiji cha Shingo, Japani, nacho kina kaburi la Isa, wakidai aliishi huko hadi miaka 106. Makaburi mawili, nchi mbili, mtu mmoja! Sisi tunasimama na Suratun Nisaa 157 na 158: hawakumuua wala hawakumsulubu, bali Allah alimnyanyua Kwake.

Kuhusu unyayo sitasema mengi. Sri Lanka kuna mlima wa mita 2,243 wenye alama ya mguu kileleni: Waislamu wengi wamesema ni wa Adam, Mabudha wanasema wa Buddha, Wahindu wa Shiva. Jiwe halijawahi kumjibu yeyote kati yao. Na sisi wa Mwanza, tunaolala na kuamka katikati ya miamba, tumeona maji ya mvua yanavyotuama juu ya jiwe mpaka likachimbika.

Ba'mdogo usimshinde kwa maneno mbele ya watu. Ni baba yako. Mwendee baada ya Isha, umwambie kwa upole kwamba humkani walii yeyote, ila hujapata msimulizi wa habari hii. Suala la kufunga safari kwa ajili ya kaburi wanazuoni wamehitilafiana, na mimi sitamwita mtu mzushi kwa hilo. Lakini kuweka nadhiri kwa maiti, au kumwomba riziki na watoto, hapo sina ruhusa ya kumpa. Pesa ya mchango usitoe. Kama una mtoto anayedaiwa ada, yeye ana haki nayo zaidi.

Huenda kweli Mwislamu kalala pale. Dini hii ilifika huku na misafara ya pwani iliyopitia Tabora, na wasafiri hufa njiani. Akiwa mfanyabiashara tu aliyeshikwa na homa, haki yake kwako ni dua, wala haihitaji msala unaoelea. Siku ukishuka kisiwani kufuata mzigo, pita usimame, sema asalaamu alaykum ahlad-diyari, yaani amani iwe juu yenu wakazi wa makaburi haya, umuombee maghufira, kisha urudi mwaloni kabla boti haijakuacha.

Wallahu aalam.